Ukijenga Nyumba ya Vizazi Vitatu, Anza na Milango

Mama alianguka bafuni usiku mmoja, miezi minne baada ya kuhamia kwetu. Namshukuru Mungu hakuvunjika, lakini aliangukia nyuma ya mlango, na mlango ule ulikuwa unafungukia ndani. Kila nilipousukuma ulimgonga begani. "Taratibu mwanangu, niko hapa hapa," akawa ananituliza yeye badala ya mimi kumtuliza. Mume wangu hakupenya, mimi sikupenya. Aliyepenya ni binti yetu wa miaka tisa, kiubavuubavu, akamsogeza bibi yake miguu mpaka tukapata nafasi ya kuingia.

Bafu lile ndilo lilikuwa fahari yangu. Marumaru nilizichagua mwenyewe, kioo kikubwa, bomba la rangi ya shaba. Kwenye ramani mlango ulikuwa robo duara ya mstari mwembamba tu, wala sikumuuliza mchoraji unafungukia upande gani. Tangu siku hiyo, mtu akitaka ushauri wangu kuhusu nyumba ya kukaa na wazazi na watoto pamoja, naanza na milango, hata kama alichokuja kuuliza ni rangi za kuta.

Mlango wa bafu na choo ufungukie nje, au uwe wa kuteleza kwenye reli. Halafu upana. Mlango unaouzwa kama wa sentimita 80 haukupi sentimita 80 za kupita, kwa sababu unene wa mlango wenyewe ukiwa wazi unakula nafasi, na fremu nayo inakula yake. Lenga nafasi ya kupita isiyopungua sentimita 82, yaani agiza mlango wa 90. Kiti cha magurudumu kinahitaji hivyo, na hata asipokuwepo mwenye kiti, mgonjwa anayeshikwa mkono hupita na mtu wa pili ubavuni. Kitasa kiwe cha kushusha, kisiwe cha duara. Vidole vyenye baridi yabisi haviwezi kukamata kitu na kukizungusha, na mtoto mwenye sabuni mikononi naye hawezi. Kizingiti cha bafuni kiondoe, sakafu iinamie vizuri kwenye tundu la maji.

Ndani, kiti cha magurudumu kinahitaji duara la kipenyo cha mita 1.5 ili kigeuke. Lichore kwa chaki sakafuni kabla fundi hajaanza kazi. Mimi nilipochora niligundua kwamba sinki niliyoipenda ilikuwa imepangwa isimame ndani ya duara lenyewe.

Vyuma vya kujishikilia ndivyo watu huviogopa zaidi, eti vinafanya nyumba ifanane na wodi. Huna haja ya kuvifunga leo. Unachohitaji leo, kama ukuta wako ni mwepesi, ni kuweka plaiwudi nene nyuma yake kabla marumaru hazijabandikwa, kuzunguka choo na sehemu ya kuogea, kwenye kimo cha kama sentimita 80 hadi 95 kutoka sakafuni. Kisha piga picha ukuta ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana kwenye picha. Picha hiyo itakuokoa miaka kumi baadaye fundi mwingine akikuuliza atoboe wapi. Siku ya kufunga ikifika, chagua vyuma vya rangi ileile ya bomba na vitasa, na hakuna atakayevitazama mara mbili. Ila msimruhusu mtu yeyote kujishikilia chuma cha kutundikia taulo. Hicho hung'oka na mtu wake.

Kosa langu la pili lilikuwa la mapenzi. Chumba cha mama nilikiweka kando ya sebule ili asijisikie mpweke. Nilidhani nimefanya la maana mpaka jioni moja tulipokuwa na wageni, nikaingia kumsalimu, nikamkuta amekaa kitandani, amevaa kabisa, mkoba mapajani, kama abiria anayesubiri basi.

"Mama, mbona hutoki?"

"Nasubiri wageni wako waondoke, niende chooni."

Ili afike chooni ilimlazimu akatize katikati ya sebule, mbele ya watu. Hakuwahi kulalamika. Asingelalamika hata kama angekaa hapo miaka mitano, na nadhani wazee wengi wanaoishi na watoto wao wako hivyo, kwa hiyo usisubiri malalamiko. Chukua ramani, weka kidole kwenye kila kitanda, kisha tembeza kidole mpaka chooni, mpaka jikoni, mpaka nje. Kidole kikikatiza mahali watu wengine wamekaa au wamelala, ramani hiyo ina kasoro. Tulimhamishia chumba cha nyuma, kilichokuwa ofisi ya mume wangu, chenye mlango wake wa kutokea nje. Sasa anakuja sebuleni mara nyingi kuliko zamani, kwa sababu anakuja akitaka.

Kuhusu kelele nitasema kidogo tu: mlango wenye uwazi ndani na upenyo chini hupitisha kila neno. Weka mlango mzito, ziba upenyo, na panga makabati ya nguo kwenye ukuta unaotenganisha wazee na vijana.

Sasa nyumba inayobadilika. Mfano ninaoupenda ni nyumba aliyoibuni msanifu majengo Gerrit Rietveld mwaka 1924 mjini Utrecht, Uholanzi, kwa ajili ya Truus Schröder, mjane mwenye watoto watatu. Ghorofa ya juu mchana ilikuwa ukumbi mmoja, usiku kuta za kusukuma ziliigawa kuwa vyumba. Mama huyo aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1985, watoto wakiwa watu wazima zamani. Nyumba ikamfuata maisha yake. Lakini kuta za namna ile hazizuii sauti, na mimi nisingemlaza mgonjwa nyuma yake.

Kwetu tulifanya jambo rahisi zaidi. Chumba cha watoto tulikijenga kikubwa kimoja, ila tangu mwanzo kina milango miwili, madirisha mawili, swichi mbili na soketi pande zote. Walipokuwa wadogo walicheza na kulala pamoja. Kijana alipofika miaka kumi na minne akaanza kutaka kwake, seremala akasimamisha ukuta mwepesi katikati kwa siku mbili, bila kugusa waya wala kuvunja kitu. Kama unakwenda kinyume, yaani unataka kutoa ukuta uliopo, mwite mhandisi kwanza akuambie kama umebeba uzito wa paa au ghorofa. Hilo usilikisie.

Na kama huna uwezo wa bafu la pili chini kwa sasa, zika hata bomba la maji machafu la choo kabla zege la sakafu halijamwagwa, ulizibe. Bomba la maji safi unaweza kulipitisha baadaye popote, lakini maji machafu yanataka mteremko, na mteremko baada ya zege ni kuvunja sakafu.

Mwanga nao watu huupuuza. Jicho la mtu wa miaka sitini hupata takribani theluthi moja tu ya mwanga unaomfikia kijana wa ishirini. Kwa hiyo chumba unachokiona "kimetulia" mama yako anakiona giza. Ongeza taa, lakini ziwe nyingi za nuru laini kuliko moja kali katikati, na kati ya kitanda na choo weka taa ndogo za chini zinazowaka zenyewe mtu akipita. Ngazi zetu zilikuwa za kijivu na zulia la kijivu, nzuri kwenye picha, na mama alikuwa akizipapasa kwa unyayo. Tulipigilia ubao mwembamba wa rangi ya kahawa kwenye ukingo wa kila kidato. Ndiyo kitu ambacho wageni husifu kuliko vyote ndani ya nyumba, na wanadhani ni urembo. Kwenye kizuizi cha ngazi, nafasi kati ya fito na fito isifike sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite.

Sofa za chini tuliziondoa. Mume wangu bado anazililia. Viti vya sasa vina kimo cha sentimita 47 na mikono ya kujiinulia, na yeye mwenyewe goti likimsumbua simsikii akivilaumu.

Kijana wetu anaondoka mwakani kwenda chuo. Ukuta wa katikati utatoka, na binti ameshapima kwa futi mahali atakapoweka meza yake, akaacha alama ya penseli ukutani bila kuniuliza.