Kapasita: uliza kwanza kama betri bado ipo

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza hapa Dodoma, kuna swali lililoninyima alama kwenye jaribio langu la kwanza la umeme. Kapasita, yaani kifaa chenye sahani mbili zinazotunza chaji, imechajiwa, sahani zake zikasogezwa hadi umbali mara mbili, volteji inakuwaje? Nikajibu haibadiliki. Fomula nilikuwa nimezimeza zote, ila niliruka sentensi iliyosema betri imeshaondolewa.

Kwa hiyo kabla hujagusa kalkuleta, angalia betri. Ikiwa imeondolewa, chaji haina pa kwenda, basi Q, yaani chaji, ndiyo isiyobadilika. C (uwezo wa kapasita kubeba chaji) inashuka hadi nusu, V (volteji) inapanda mara mbili, na nishati nayo inapanda mara mbili. Nishati hiyo ya ziada imetoka mkononi mwako: sahani zinavutana, wewe umezilazimisha kuachana. Betri ikiwa bado imeunganishwa, V imeshikiliwa palepale. Nusu ya chaji inarudi kwenye betri na nishati ya kapasita inabaki nusu. Kitendo ni kilekile, majibu tofauti.

Kilichonifungua macho ni matenki ya maji, na kwa jinsi maji yanavyokatika huku mtaani, hakuna asiyeyajua. Mimina ndoo tano kwenye tenki jembamba, maji yanapanda juu; zimimine kwenye tenki pana, hayafiki hata magotini. Ndoo ni chaji, kina ni volti, upana ni C. Hiyo ndiyo Q = CV. Mfano una kikomo chake, maana chaji ina hasi na hakuna ndoo ya maji hasi.

Potenshali nayo, yaani kiwango cha volti mahali fulani, haina mwelekeo: jumlisha namba pamoja na alama zake, mishale uachie uga wa umeme, yaani nguvu inayoisukuma chaji mahali hapo. Katikati ya chaji mbili chanya zinazolingana uga ni sifuri, lakini potenshali si sifuri. Wengi huteleza hapo.

Sasa la maabara. Kapasita ikishachomolewa bado ina umeme. Mimi nilijua hivyo nilipofungua adapta mbovu chumbani, mkono ukarushwa hadi ukutani. Umeme wetu wa volti 230 una kilele cha kama 325, na kapasita ya maikrofaradi 100 ikijazwa hadi hapo inabeba nishati ya jouli 5 hivi. Usiziunganishe ncha zake kwa bisibisi, cheche zinaweza kuacha vishimo kwenye chuma. Unganisha ncha hizo kwa rezista ya omu 1,000 yenye wati za kutosha, ishike kwa koleo lenye mpira, subiri sekunde moja au mbili, kisha upime kwa multimita. Ikisoma karibu na sifuri, shika.