Kisima kimeingia chumvi, na mume wangu ni kibarua hukohuko

SWALI: Dada salamu kutoka huku Gongoni. Kisima alichotuchimbia marehemu baba tulikuwa tunakunywa maji yake bila wasiwasi, saa hii hata chai ukionja unaskia chumvi, sabuni haitoi povu, na mabwawa ya chumvi yako hapo tu nyuma ya minazi yetu. Mume wangu ni kibarua hukohuko, anarudi miguu imechanika. Nikichemsha yatakuwa sawa? Na nikilalamika si watamfuta?
Mama watatu

JIBU: Pole sana dadangu. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini chumvi haitoki, tena inazidi kukolea. Chemsha sufuria moja mpaka ikauke uone ule ukoko mweupe unaobaki chini. Mtoto mchanga na mgonjwa wa presha wasinywe kabisa, watafutiwe ya mfereji au ya mvua.

Sasa sikia inavyoingia. Maji ya bahari yanaletwa kwa mitaro mpaka kwenye mabwawa, jua linayakausha, yanayobaki yanakuwa mazito kushinda hata ya bahari, na chini kukiwa mchanga yanajipenyeza pole pole mpaka kwa maji baridi ya kisima. Ila hata kisima cha pwani kikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda yenyewe, kwa hivyo macho hayatoshi. Kila mwezi jaza chupa, bandika tarehe, peleka maabara na uwaambie wapime chumvi, si vijidudu tu.

Kuhusu kufutwa, soma Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 42 na 70: anayeshtaki kuhusu mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu ameumia. Kwa hivyo si lazima jina liwe lako wala la mumeo, kikundi cha akina mama kinaweza kwenda NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, au Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Malindi. Inaniuma kwa sababu Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilishafanya uchunguzi kuhusu kampuni za chumvi hukohuko kwenu Magarini 2005, ripoti ikatoka 2006, na malalamiko yalikuwa hayahaya, visima, mikoko kukatwa, watu kufurushwa mashambani.

Na ile miguu, gambuti si hisani ya msimamizi, sheria ya usalama kazini ya 2007 inasema vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri. Aende akaombe na wenzake, si peke yake, na jioni umsuuze kwa maji ya mvua, hayo ya kisima yatamchoma zaidi.