Idara imeunganishwa, sisi tumeona tangazo tu

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja hapa Bongo, mwezi uliopita idara yetu imeunganishwa na nyingine, hatukuulizwa, tumekuta tangazo kwenye grupu la WhatsApp, namuuliza mkuu wa idara ananijibu seneti imeshapitisha. Sa hiyo seneti si ndo sisi wenyewe au?

JIBU: Marahaba. Ndo nyie, ila kwa makaratasi, maana seneti ndo chombo kikuu cha taaluma chuoni. Mambo ya taaluma, yaani mitaala, mitihani, idara ipi iwepo ipi ife, kawaida yanaanzia chini, bodi ya idara, bodi ya ndaki (kundi la idara kadhaa), ndo yapande senetini, afu baraza la chuo linamalizia hasa kama kuna hela na ajira ndani yake. Kinachotokea sehemu nyingi ni kinyume, wakubwa wameshaamua, jambo linachomekwa kwenye "mengineyo" saa nane mchana watu wana njaa, makabrasha yamegawiwa asubuhi hiyohiyo, mwenyekiti anauliza tunakubaliana? Kimya. Limepita hilo. Na mi sijitoi, vikao vya hivo nimekaa vingi tu nachezea simu.

Si jambo la leo hata. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipokuwa chuo kikuu kamili 1970, makamu mkuu wa kwanza, Pius Msekwa, alitokea kwenye utendaji wa TANU, chama tawala enzi hizo, na mwaka uliofuata rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, akamwandikia barua ya wazi kulalamikia chuo kinavyoendeshwa, FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakamchukua huyo mwanafunzi, akarudishwa kwao Kenya. Wahadhiri wenyewe walikuja kuweka msimamo wao kwa maandishi Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma, UDASA ya Mlimani ikiwemo, zikapitisha Azimio la Dar es Salaam la uhuru wa taaluma. UNESCO nao 1997 wakapendekeza walimu wa vyuo wawe na haki ya kuchagua wajumbe walio wengi kwenye vyombo vya taaluma. Ni pendekezo, halimfungi mtu, ila ukilitaja kikaoni watu wanakaa vizuri kwenye viti.

Sasa wewe usianze na kelele za kwenye grupu. Omba muhtasari wa kikao cha bodi ya idara kilichojadili huo muungano. Kama hakipo, andikeni barua kwa rasi (mkuu) wa ndaki, nakala kwa jumuiya ya wanataaluma, ifike kabla ya seneti ijayo, na mtafute mjumbe mmoja wa seneti alibebe hilo kwenye "yatokanayo", pale mnapopitia yaliyotoka kikao kilichopita, maana likisubiri mengineyo limekwisha. Msaini wengi, tena maprofesa watangulie, wewe mhadhiri msaidizi ukienda peke yako utaambiwa kamalize PhD kwanza.

Ila kabla ya yote hayo cheki karatasi ya mahudhurio ya hicho kikao, usije ukakuta na saini yako ipo.