Muscat hadi Salalah kwa pwani: usitoe gari kwenye lami pale Barr al Hikman

Mkuu, nimesoma ratiba yako ya gari la kukodi kutoka Muscat hadi Salalah, kule Oman, na hapo uliposema siku ya nne mtaacha lami Barr al Hikman, ile rasi tambarare ya pwani, mkalale na gari ufukweni, wewe, shemeji na watoto wawili, nimeshindwa kuendelea kusoma. Usifanye hivyo. Kosa hilohilo limenigharimu riali 480, na riali moja ya Oman ni kama dola 2.60. Piga hesabu mwenyewe.

Ukiwa kwenye barabara ya kwenda Shannah, kwenye feri ya kisiwa cha Masirah, unaona uwanda mweupe mpaka macho yanachoka. Wenyewe wanauita sabkha. Juu pamekauka kwa chumvi kama ukoko wa wali, chini ni uji. Kulikuwa na alama za matairi, na hizo ndizo zilizoniponza, maana sikujua aliyepita alipita lini, na gari gani. Yetu ilikuwa 4x4. Tuliingia kama mita 300, nikasikia ukoko unapasuka chini ya tairi la mbele, kah, kah, halafu usukani ukawa mwepesi ghafla. Nikakanyaga mafuta. Hilo ndilo lilitumaliza! Dakika mbili tu gari limekalia tumbo, matairi yanarusha tope la kijivu linalonuka mayai viza.

Simu haikushika mtandao. Jioni maji yakaanza kujaa, na pale hakuna wimbi la kukushtua. Nchi ni tambarare, maji yanatambaa kimya kama ndoo iliyomwagwa sakafuni. Mwanangu ndiye aliyeyaona kwanza. Tulibeba watoto mgongoni tukarudi kwa miguu hadi lami, na gari tukaliacha likiloweka chumvi usiku ule.

Wavuvi waliokuwa wanapita na pikapu ndio waliotuokota, na asubuhi maji yalipokupwa wakaja na mbao na kamba. Walipunguza upepo kwenye matairi yetu, wakachomeka mbao, wakavuta kidogo kidogo hadi likatoka. Hawakuchukua hata baisa moja, na juu yake wakatupa tende na kahawa. Mungu awabariki popote walipo.

Anayeniuma hadi leo ni yule kijana wa ofisi ya kukodisha magari. Nilimuuliza mara mbili: nikitoka nje ya lami, bima inanilinda? Akajibu hii ni bima kubwa na gari ni 4x4, nenda popote. Ukurasa wa pili wa mkataba, kwa herufi za sisimizi, umeandikwa kwamba uharibifu wowote nje ya lami ni juu ya mteja, na maji ya chumvi yametajwa waziwazi. Nilipowarudishia gari walinikata kufungua breki zote, kuosha chesesi, na siku sita gari lilizolala gereji. Kijana akasema hakumbuki kuniambia chochote. Ndugu zangu, kumwambia baba mwenye watoto neno ambalo karatasi yako mwenyewe inalikana, huo ni wizi.

Na nilikuwa nimeonywa. Pale Sur, mji wa majahazi, mzee mmoja alitusemesha Kiswahili safi, tukamweleza safari yetu, akasema, "Mwanangu, chumvi ya kule inadanganya." Nikamwamkia, nikamshukuru, nikaendelea kuamini ofisi.

Kwa hiyo shika hili moja: mguu utangulie tairi. Popote unapotaka kuacha lami, hata kwenye mchanga wa Khaluf, shuka, tembea hatua hamsini mbele, piga kisigino kwa nguvu. Kikizama, au kikiacha unyevu, geuza. Kama hakuna gari la pili la kukuvuta, usiingie hata kama ni pakavu. Na Barr al Hikman penyewe, ukiwa na watoto, hata kisigino usipige. Egesha barabarani, toeni darubini. Wakati wa baridi ndege wa pwani wanashuka pale kwa maelfu, unawaona bila kulowesha kiatu.

Hayo mengine hayana shida. Muscat hadi Sur ni kama kilomita 200 za lami nzuri, na shimo la maji la Bimmah, bonde la Wadi Shab na kasa wa ufukwe wa Ras al Jinz vyote unavifikia bila 4x4. Kipande cha Shuwaymiyah hadi Hasik, barabara imechongwa milimani juu ya bahari, msikipite usiku, mtajinyima. Mwezi: wakati wa khareef, msimu wa manyunyu wa Juni hadi Septemba, Salalah ni kijani na ukungu, lakini bahari imechafuka. Kwa hema na watoto nenda Novemba hadi Februari.

Uliza pia kilomita kwa siku. Mkataba wangu uliniwekea 200, zilizozidi zinalipiwa. Wako ukishaupata, piga picha ukurasa wa pili uuweke hapa kabla hujalipa. Nitausoma mstari kwa mstari, hata usiku wa manane.