Wewe Unayeambiwa Utumie Panya Madume, Soma Hapa

Tangu niitetee tasnifu yangu na kupita, jumbe haziishi. Dada mmoja hapa Nairobi, anayetaka kusoma furiko la homoni linalotoa mayai kwa panya, ameandika kwamba msimamizi wake anamtaka atumie panya madume, eti majike "wanasumbua, homoni zao hazitulii".

Dada yangu, maneno hayo nayajua. Niliambiwa mbele ya jopo zima, watu wakacheka, na waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja. Ndio hao hao walionipa mkono juzi.

Hicho wanachokiita usumbufu ndicho nilichokuwa nikikisoma. Mzunguko wa panya jike huchukua siku 4 au 5. Sehemu kubwa ya siku hizo estrojeni, homoni ya ovari, huzituliza seli za kispeptini (kemikali ya ubongo inayoamsha homoni za uzazi) zilizo upande wa chini wa hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni. Kwa hiyo GnRH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ya pituitari, hutoka kidogo kidogo, na pituitari haitoi LH nyingi, homoni inayofanya mayai yatoke. Halafu inafika alasiri ya proestrasi, siku ya mzunguko kabla tu ya mayai kutoka. Estrojeni ile ile, sasa ikiwa imepanda, inaamsha kundi jingine la seli za kispeptini, hili la upande wa mbele. GnRH inamwagika, LH inafurika, na usiku huo mayai yanatoka. Kwa dume utakesha bure.

Kwa hiyo jifunze kusoma slaidi, ujue panya wako yuko siku gani ya mzunguko. Kila asubuhi, saa ile ile, tone la maji ya chumvi kwa pipeti ukeni, kisha livute tena, liweke kwenye kioo na uangalie kwa hadubini. Ukiona seli za mviringo zenye kiini, ni proestrasi. Vigamba vikavu visivyo na kiini, ni estrasi, awamu inayofuata. Ukiona chembe nyeupe ndogo za damu zimejazana, panya yuko daiestrasi, awamu ya utulivu, rudi kesho.

La pili ni taa. Mwaka 1950 watafiti Everett na Sawyer walionyesha kwamba panya wa proestrasi akipewa dawa ya usingizi ya babitureti kabla ya saa nane mchana, mayai huchelewa siku nzima. Ubongo unafuata saa, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Stima ya Nairobi mnaijua wenyewe, kwa hiyo dai taa za akiba kwenye chumba cha panya kabla hujaanza chochote. Mimi niliitwa msumbufu kwa kuzidai. Niite hivyo, lakini taa ziwake.

Msimamizi wako mwambie wazi: furiko la LH liko kwa jike, na swali lako ni hilo furiko. Akikataa, tafuta msimamizi wa pili, na mazoezi ya slaidi uyaanze wiki hii.