Mazungumzo ya Kirafiki na Wachezaji: Ushauri kwa Msimamizi Mpya wa Jamii ya Gemu

Matangazo ya ajira huieleza kazi ya msimamizi wa jamii ya wachezaji kwa maneno machache: kutangaza masasisho, kukusanya maoni, kujibu malalamiko na kutuliza ugomvi. Sijawahi kuona tangazo linalosema kwamba mtu usiyemjua hata kwa sura atakuletea habari ya kufaulu mtihani wake kabla hajawaambia nduguze, wala kwamba usiku ambao seva zimegoma kuwaka, katikati ya mamia ya watu wanaolalamika, atatokea mmoja akuandikie, "Dada, pole na kazi. Umepata hata nafasi ya kula?" Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika kampuni yenye gemu ya wachezaji wengi mtandaoni, na ninawaandikia wale wanaoianza, kwa sababu sehemu hiyo isiyotajwa kwenye matangazo ndiyo inayoamua kama kazi yako itafanikiwa au la.

Wapo wakubwa wa kazi wanaoamini kwamba mazungumzo ya namna hii ni kupoteza muda unaolipwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mchezaji anayejua kwamba upande wa pili kuna mtu mwenye jina na tabia yake huandika malalamiko kwa staha zaidi, huvumilia habari mbaya, na hukueleza kwa nini ameanza kuichoka gemu, jambo ambalo takwimu za kuingia na kutoka haziwezi kukueleza. Gemu ya mtandaoni iitwayo Final Fantasy XIV ilipotoka mwaka 2010 ilipokelewa vibaya mno. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa gemu hiyo Desemba ya mwaka huo huo, alianza kuwaandikia wachezaji barua, na baadaye akawa anaketi mbele ya kamera na kujibu maswali yao moja kwa moja, huku timu yake ikiijenga gemu upya hadi ilipozinduliwa tena Agosti 2013. Sidai kwamba barua ndizo zilizoiokoa, maana gemu yenyewe ililazimika kuwa nzuri. Hata hivyo, naamini ni rahisi zaidi kumsubiri mtu anayekueleza amefikia wapi kuliko kuisubiri nembo ya kampuni.

Swali ambalo wasimamizi wapya huniuliza mapema ni kiasi gani cha maisha yao binafsi wakiweke wazi. Jibu langu ni kwamba wachague jambo moja au mawili ya kweli, ambayo wanapenda kuyazungumza, na ambayo hayamwelekezi mtu mahali walipo wala kwa watu wanaoishi nao. Mimi nilichagua kuogelea. Nilikuwa nikijifunza nikiwa tayari mtu mzima, na siku moja wachezaji walipokuwa wakiulizana kila mmoja anafanya nini akizima kompyuta, niliwatajia hilo, nikaongeza kwamba nachoka kabla sijafika nusu ya bwawa. Mchezaji mmoja ambaye huwafundisha watoto kuogelea akaniuliza maswali mawili matatu, kisha akanieleza kwamba tatizo halikuwa mikono bali pumzi: nilikuwa naibana wakati uso uko majini, hivyo nikiinua kichwa nalazimika kuitoa na kuivuta kwa wakati mmoja. Akanishauri niitoe polepole nikiwa bado ndani ya maji, ili nikigeuza kichwa ibaki kazi ya kuvuta tu. Nilifuata ushauri wake na nikarudi kumpa majibu mbele ya wote, na watu ambao hawakuwa wamewahi kuandika neno lolote wakajitokeza kunipongeza.

Kilichofanya kazi pale ni kwamba kwa mara moja yeye ndiye aliyekuwa mwalimu na mimi mwanafunzi. Siku zote msimamizi ndiye anayejua ratiba, ndiye anayefuta maneno ya watu, ndiye mwenye uwezo wa kumfungia mtu akaunti. Mazungumzo yanayogeuza nafasi hizo, hata kwa robo saa, hupunguza woga na kinyongo kuliko tangazo lolote la kusema kwamba tunawajali. Tafuta kwa makusudi yale ambayo wachezaji wako wanayajua kukuzidi, uwaulize kwa dhati, na ukipewa ushauri urudi useme umekusaidia au haukusaidia.

Utaona pia kwamba katika habari yote ya kuogelea sikuwahi kutaja bwawa lipi, siku gani wala saa ngapi. Tahadhari hiyo ina sababu. Julai 2010 kampuni ya gemu ya Blizzard ilitangaza mpango wa kuwataka watu wanaoandika katika majukwaa yake rasmi watumie majina yao halisi. Mfanyakazi wake mmoja, akitaka kuwaonyesha wachezaji kwamba hakuna la kuogopa, aliweka jina lake hadharani, na muda si mrefu watu wakawa wamechimbua na kusambaza taarifa walizodai kuwa zake, zikiwemo namba ya simu na anwani. Mpango uliachwa siku chache baada ya kutangazwa. Sina shaka kwamba wengi wa wachezaji wale walikuwa watu wema, kama walivyo wengi wa wachezaji wangu, lakini katika umati mkubwa wema wa wengi haumzuii mmoja aliyekusudia kudhuru. Kwa hiyo eleza unachofanya na unavyojisikia kuhusu jambo hilo, na uache mahali, ratiba na majina ya ndugu zako nje kabisa ya mazungumzo.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni uzito usiolingana wa urafiki huu. Mwaka 1956 watafiti wa Marekani Donald Horton na R. Richard Wohl walieleza ukaribu wa upande mmoja ambao wasikilizaji na watazamaji hujenga na watangazaji wa redio na televisheni, hata mtu akahisi anafahamiana na mtangazaji ambaye hajui kama yeye yupo. Hali ya msimamizi ni nzito kuliko hiyo kwa sababu sisi tunajibu, tena kwa jina, na kila jibu linamthibitishia mchezaji kwamba ukaribu upo. Nami nasema upo kweli, kwani furaha yangu mtu anaponiambia amepata mtoto si ya kuigiza. Ila yeye ana msimamizi mmoja, na mimi nina watu wengi ambao siwezi kuwakumbuka wote kwa kiwango kile wanachonikumbuka. Ukilisahau hilo, utajikuta umetoa ahadi za kirafiki ambazo muda wako hauwezi kuzilipa, na mwenye kuumia atakuwa yule aliyekuamini zaidi.

Dawa niliyoiona ikifaa ni kuufanya urafiki hadharani na kuugawa kwa usawa. Kabla sijajibu utani wa watu ninaotaniana nao kila siku, hupitia kwanza kuona nani ameandika kwa mara ya kwanza au nani aliuliza na hakuna aliyemjibu, nikaanza na hao. Mchezaji akinifuata kwenye ujumbe wa faragha kwa jambo lisilo la siri, humrudisha kwa upole: "Ahsante kwa kuniuliza. Naomba uliweke swali hili kwenye kundi, maana wapo wengine wanaolihitaji jibu lake, na nitakujibu pale pale." Ujumbe wa faragha nauachia mambo ya akaunti, malalamiko dhidi ya mtu mwingine, na shida ambazo mwenyewe hataki zijulikane. Kipimo changu ni kujiuliza kama ningeona haya iwapo wachezaji wote wangesoma nilichomwandikia mmoja wao. Kama ningeona haya, basi sentensi hiyo siitumi.

Urafiki hupimwa kwa ukali zaidi siku rafiki anapovunja kanuni. Mchezaji mmoja mchangamfu, aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi, alifungiwa akaunti kwa kutumia programu iliyokatazwa, akaniandikia kuniomba niliangalie suala lake kwa jicho la udugu. Nilimjibu hivi: "Kaka, ujumbe wako nimeupata na ninaelewa ulivyoumia. Kwa kuwa mimi na wewe tunafahamiana, si haki mimi kuliamua shauri hili, hivyo nimelikabidhi kwa mwenzangu asiyekujua. Atakachoamua nitakiheshimu, hata kama hakitakupendeza, na hilo halitabadilisha salamu zetu." Adhabu ilithibitishwa, naye akanyamaza kwa muda mrefu. Ilipokwisha alirudi na kunisalimia kama zamani, ingawa wapo wengine katika hali kama hiyo ambao hawakurudi, na imenibidi kukubali hivyo. Nakushauri uombe mapema, kabla halijatokea suala lolote, kwamba mashauri ya watu unaozoeana nao yaende kwa mwenzako, na uwaambie wachezaji wako wazi kwamba ndivyo ilivyo. Kanuni iliyojulikana tangu mwanzo haimdhalilishi mtu inapomfikia.

Kuhusu kumbukumbu: wasimamizi wengi huandika mahali kwamba fulani amehama, fulani anamuuguza mama yake, ili wasije wakamuuliza habari ambazo alikwisha kuzitoa. Nia ni njema, lakini andika yale tu ambayo mchezaji aliyasema mbele ya watu, kwa maneno ambayo usingeogopa ayasome. Huu si ustaarabu tu, kwani kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, mtu ana haki ya kuomba aonyeshwe taarifa zake zinazohifadhiwa, na maelezo uliyoyaandika ukiwa umechoka yanaweza kuwa sehemu ya anachopewa. Kwa watoto uwe mkali zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inaweka masharti ya pekee juu ya kukusanya taarifa za mtandaoni za walio chini ya miaka 13, na mimi hufanya zaidi ya inavyotaka sheria hiyo kwa kukataa mazungumzo yoyote ya faragha na mchezaji ninayehisi ni mtoto, hata yale ya kawaida kabisa. Badala yake mimi humjibu kwa uchangamfu ule ule, mbele ya wote.

Itafika siku mchezaji atakuandikia kwamba amechoka kuishi, na pengine atakuandikia wewe kwa sababu ndiwe mtu wa mwisho aliyemjibu vizuri. Usimtumie maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye mwongozo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kulizungumza jambo hilo kwa uwazi hakumchochei mtu kulitenda, bali kunaweza kumpa nafasi ya kufikiri upya. Mwambie kwamba umemsikia, mpe namba ya dharura au ya ushauri ya nchi aliyopo, muulize kama kuna mtu karibu naye anayeweza kumwita sasa hivi, na wakati huo huo mjulishe mkubwa wako na watu wa usalama wa kampuni. Usimwahidi kwamba utaitunza siri hiyo, kwa sababu huwezi na hupaswi. Kesho yake mwandikie tena, hata kama ni mstari mmoja wa kumjulia hali. Usijifanye mganga wake, na baada ya mazungumzo kama hayo omba nawe upumzike, kwani yanachosha kwa namna ambayo huitambui papo hapo.

Msiba nao una adabu zake. Kijana wa Norwei aitwaye Mats Steen, aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walidhani aliishi na kuondoka akiwa mpweke, mpaka walipotangaza kifo chake kwenye blogu yake na kuanza kupokea barua kutoka kwa watu aliocheza nao gemu ya mtandaoni ya World of Warcraft, ambao baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Nalitaja hilo kwa sababu kampuni nyingi, mchezaji anapofariki, hutoa salamu ndefu zilizopitiwa na idara tatu. Omba ruhusa uandike mwenyewe, kwa ufupi, na utaje jambo moja ambalo mchezaji huyo alilifanya ndani ya gemu na watu wakalipenda, baada ya kupata idhini ya familia yake au ya wenzake wa karibu. Kisha uwaache wachezaji waombolezane wao kwa wao bila wewe kuongoza kila neno.

Hatimaye utaondoka, na kuondoka kunahitaji maandalizi ambayo kampuni hukumbuka dakika za mwisho. Waambie wachezaji mapema kadiri mwajiri atakavyoruhusu, na anayekuja uwe naye katika mazungumzo kwa wiki kadhaa ili wamzoee ukiwa bado upo. Usiwaahidi kwamba mtaendelea kuwasiliana kama hujakusudia kufanya hivyo. Wale wachache ambao kweli wamekuwa rafiki zako watakutafuta, na wakati huo utakuwa huru kuwajibu kama mtu wa kawaida. Mwachie mrithi wako orodha ya ahadi zilizobaki: hitilafu uliyosema utaifuatilia, swali ulilolipeleka kwa watengenezaji na halijajibiwa, mashindano ambayo washindi wake hawajapewa zawadi. Yale ambayo wachezaji walikueleza faraghani usiyakabidhi kwa mtu, maana mchezaji akitaka msimamizi mpya ayajue, atamweleza mwenyewe.