Mkuu wa Mafinga, usiitishe hicho kikao kabla jaji hajakiagiza

SIMAMA HAPO HAPO. Umeuliza mambo manne: wakili anachaji kiasi gani, BRELA (wasajili wa kampuni) mnaenda lini, jina jipya la kampuni, halafu kama mnaweza kufanya kikao cha wanahisa tarehe mliyoshapanga, mkikubaliana ndo mpeleke muhtasari mahakamani ukabarikiwe ili kampuni zenu mbili za mbao ziungane. Hilo la nne limenifanya niache chai ipoe, na kwa baridi la huku Uyole unajua hiyo ni hasara. Msifanye.

Sisi tulifanya hivyo hivyo ulivyoandika. Kampuni yetu ilikuwa ya kukoboa kahawa, wanahisa wengi wadogo wadogo, wa Mbozi, wa Rungwe, wengine walishahamia Dar zamani. Mpango ulikuwa tumezwe na kampuni kubwa zaidi, sisi tupewe hisa za huko badala ya zetu. Akaja mshauri mmoja na kompyuta yake na tai, jina lake naliacha maana bado anatembea mjini, akatuambia "wakubwa, mahakama ni muhuri tu, nyie malizaneni kwanza kwenye kikao." Muhuri tu! Na hela ya ushauri akachukua kabla.

Basi tukakodi ukumbi, tukalipa nauli za wazee, tukachinja, watu wakanyoosha mikono, makofi, picha ya pamoja. Wakili tukamtafuta baadaye, akasoma ule muhtasari kimya, akauliza swali moja: amri ya mahakama ya kuitisha hiki kikao iko wapi? Tukatazamana.

Iko hivi mkuu. Sheria ya Makampuni ya 2002 haisemi kaeni halafu mje. Inasema kampuni, au mwanahisa, au mdai, au mfilisi kama ipo kwenye ufilisi, anapeleka maombi Mahakama Kuu, na mahakama ndo inaweza kuagiza kikao kiitishwe, kwa namna itakavyoelekeza yenyewe. Kura inayohesabika kwenye skimu, yaani mpango kama huo wenu unaopitishwa na mahakama, ni ya kikao HICHO. Halafu mnarudi mara ya pili kuomba skimu iidhinishwe, na hapo jaji anaangalia kama maelekezo yake yalifuatwa, kama waliokuja wanawakilisha wenzao kweli, na kama mtu mwenye akili timamu anayelinda maslahi yake angeweza kuukubali huo mpango. Sasa kama hakuelekeza chochote, anaangalia nini, picha ya pamoja?

Na usiniambie "lakini sisi wote tumekubali". Mngekuwa mmekubali wote msingehitaji skimu, mngeuziana hisa tu mkamaliza. Nguvu ya skimu ni kwamba inamfunga na yule aliyekataa, na yule asiyeonekana. Sisi tulikuwa na hisa za marehemu ambazo mirathi haijafunguliwa hadi leo, na babu mmoja kule Tukuyu aliyeapa hauzi hata ije mvua ya mawe. Watu kama hao hawafungwi kwa makofi ya ukumbini, ndo maana mahakama inataka kushika hilo jambo toka mwanzo.

Kura yenyewe nayo sio ya mikono. Inatakiwa robo tatu ya thamani ya hisa za waliopiga kura, iwe wamekuja wenyewe au kwa wawakilishi, NA pia idadi ya vichwa izidi nusu. Tuseme wamepiga kura watu 100, wakubwa 20 wenye asilimia 80 ya hisa wakasema ndiyo, wadogo 80 wakasema hapana, imeanguka hiyo. Mikono yetu ilihesabiwa na kijana wa muziki.

Hasara kubwa wala haikuwa ukumbi. Ilikuwa kikao cha pili, kile halali. Wazee wakagoma kuja, "si tulishapiga kura, au mnataka kutuibia?" Uvumi ukatembea toka Mwanjelwa mpaka Vwawa kwamba bei imeshushwa. Waliokuwa ndiyo wakawa hapana. Yule mnunuzi naye akaona mambo yanachelewa akaanza kupunguza aliyoahidi. Mshauri simu haipokelewi, naskia sasa anafundisha ujasiriamali.

Halafu umeandika kama kitu cha kawaida kwamba shemeji yako ana hisa nyingi kampuni zote mbili. Mkuu hilo liseme kwenye maombi ya kwanza, kabla ya kikao, maana hapo ndo inaamuliwa nani akae na nani na nani akae kikao chake peke yake. Kuna kesi ya Uingereza miaka ya 1970, Hellenic & General Trust, mwenye asilimia 53 ya hisa alikuwa kampuni tanzu ya mnunuzi mwenyewe, wakamchanganya kikao kimoja na wengine, kura zikatosha, jaji akakataa kuidhinisha. Kikao kilishafanyika, hela imeshaliwa. Na taarifa ya kikao iambatane na maelezo ya mpango unafanya nini na wakurugenzi wana maslahi gani humo ndani, msifiche eti watu watashtuka.

BRELA ni mwisho kabisa, jaji akishaidhinisha mnapeleka nakala ya amri kwa Msajili, isipofika huko haina nguvu. Na kwa vile ni kuungana kampuni ulizeni pia Tume ya Ushindani kama mnaguswa. Bei ya wakili na jina jipya watakuja wengine kukujibu, mimi hayo sina muda nayo.

Leo hii piga simu ahirisha hiyo tarehe. Kama mbuzi mmeshanunua kuleni, ila muhtasari msiandike. Kisha muulize wakili wako maombi ya kuitisha kikao anayapeleka lini, uje uweke jibu lake hapa. Akikwambia mahakama ni muhuri tu, niulizie kama na yeye anavaa tai.